Kanisa na msikiti kuhudumia wahamiaji pamoja Nakuru: jikoni, mfuko na mahali pa swala

KatibuHuduma_Nkr aliuliza:

Hamjambo nyote. Parokia moja hapa Nakuru na msikiti wa mtaa wa pili wamekubaliana kuhudumia wahamiaji kwa pamoja, badala ya kila mmoja kugawa chake kivyake. Tunatarajia watu kama 60 kwa wiki: Wasomali, Wasudani, Wakongo, Warundi na familia chache za Waethiopia. Kutakuwa na mlo mmoja wa wiki, msaada wa karatasi, na mahali pa kukaa na kuzungumza.

Nia ipo pande zote mbili. Yanayotukwaza ni mambo madogo ambayo yakienda mrama yanavuruga yale makubwa. Nani apike, na apike nini, ili kila mtu ale kwa amani? Zaka ya Waislamu na sadaka ya kanisani zinaweza kuingia mfuko mmoja? Mwislamu akifikiwa na wakati wa swala akiwa ukumbini kwa parokia, aswali wapi? Na la mwisho, ambalo watu wanaogopa hata kulitaja kikaoni: huduma isije ikaonekana ni chambo cha kubadilisha watu dini. Naomba mnipe vipimo na hatua, tafadhali.

Ustadh_Bondeni alijibu:

Ndugu Katibu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuwasha jiko. Nitaanza na chakula, kwa sababu mgeni huijua heshima yake kwenye sahani kabla hajaisikia kwenye hotuba.

Nyama yenyewe si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani. Machinjio mengi nchini yana mchinjaji Mwislamu, kwa hiyo ng'ombe na mbuzi wa bucha ya kawaida kwa kawaida ni halali. Makosa hutokea pembeni. Kuku huchinjwa nyuma ya jiko la parokia na yeyote aliye na kisu. Bucha hutumia gogo na panga moja kwa ng'ombe na nguruwe. Au mama wa jikoni huazima sufuria kubwa ya kanisa iliyopikiwa nguruwe kwenye harusi ya Jumamosi. Wasomali na Waislamu wengi wa hapa ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao chombo kilichoguswa na nguruwe hutoharishwa kwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Usitegemee kwamba mtu atakumbuka kufanya hivyo. Nunueni sufuria mbili za lita 20, miko miwili, kisu na ubao wa kukatia, mzitie alama ya rangi, mzifungie kwenye sanduku lake. Ufunguo ukae kwa wapishi wawili, mmoja wa kila upande.

Lakini kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilijui. Mkishahakikisha nyama ni halali mtadhani mmemaliza, kumbe bado. Wakristo wengi wa Ethiopia, kwa desturi ya kwao, hawali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, na Waislamu wa huko hawali iliyochinjwa na Mkristo. Tena Waorthodoksi hao hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Kwa hiyo ile nyama mliyoihangaikia inaweza kumfukuza mgeni Mkristo mezani, na hatasema kitu. Atakunywa chai tu, na wiki ijayo hatakuja.

Ushauri wangu: mlo wa kawaida wa wiki usiwe na nyama kabisa. Sufuria moja ya kamande au ndengu, wali, kachumbari na ndizi. Kwa watu 60 wekeni mchele kilo 7, kamande kavu kilo 5, vitunguu kilo 3, nyanya kilo 4, mafuta lita moja na nusu, na bizari. Kamande zilowekwe tangu asubuhi, ndengu tangu usiku. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mbegu za jamii ya kunde huchukua muda mrefu kuliko Mombasa au hata Kisumu. Mpishi aliyehamia kutoka pwani hupigwa na hili kila mara na chakula huchelewa saa nzima. Viungo vya pakiti msitie bila kusoma maandishi, vingine vina unga wa nyama isiyojulikana ilikotoka. Tangawizi, kitunguu saumu na bizari nzima vinatosha.

Siku ya mlo nayo ina hesabu yake. Ijumaa kuna swala ya jamaa, Jumamosi ni Sabato ya Waadventista ambao ni wengi upande huu wa magharibi, Jumapili ibada. Jumatatu na Alhamisi wapo Waislamu wanaofunga sunna. Jumatano na Ijumaa nimeshasema habari za Waorthodoksi. Chukueni Jumanne.

Sasa fedha. Hapa tafadhali muwe wakali. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba aya ya 60, na msafiri aliyekatikiwa njiani ni mmoja wao, kwa hiyo wahamiaji wengi wana haki ndani yake. Lakini wanazuoni wengi wanasema zaka ya mali haitolewi kwa asiye Mwislamu, isipokuwa wale wanaotiwa nguvu nyoyo, yaani wanaovutwa nyoyo zao kwenye Uislamu, na hilo nalo lina mjadala. Sadaka ya hiari ndiyo iliyo wazi kwa kila mwanadamu, na Sura Al-Mumtahina aya ya 8 inatuhimiza wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita. Kwa hiyo msikiti uchangie mfuko wa pamoja kwa sadaka, na zaka ibaki kwenye mfuko wake na igawiwe na kamati ya msikiti yenyewe. Zakatul-fitri vivyo hivyo: ni pishi moja ya chakula kwa kila nafsi, kama kilo mbili na nusu hadi tatu, na lazima imfikie mhitaji kabla ya swala ya Idi. Ikitiwa kwenye stoo ya pamoja ikasubiri Jumanne, imeshapitwa.

Akaunti ya pamoja iwe isiyozaa riba. Watia sahihi watatu, na hakuna hundi inayotoka bila sahihi moja ya kila upande.

Katekista_Kisumu alijibu:

Ustadh ameeleza vizuri, nami naongeza kwamba upande wa kanisa kuna sheria inayofanana na hiyo ya zaka. Kanuni ya 1267 ya Sheria za Kanisa Katoliki inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kwa hiyo mkikusanya ya ujenzi msiipeleke kwenye mlo wa wahamiaji hata kama shida ni kubwa. Tangazeni mchango maalum, tajeni kabisa kwamba watakaohudumiwa ni wa dini zote. Muumini akijua tangu mwanzo hatalalamika baadaye.

Kuhusu mahali pa swala. Wakatoliki wana mwongozo ulio wazi: maagizo ya Vatikani ya mwaka 2004 juu ya uchungaji wa wahamiaji, yaitwayo Erga migrantes caritas Christi, namba 61. Hayashauri kutoa kanisa, kikanisa au mahali palipotengwa kwa uinjilishaji vitumiwe kwa ibada ya dini nyingine. Lakini maeneo ya kijamii, ya kupumzika na kukutana, yanasema yanaweza na yanapaswa kuwa wazi kwa watu wa dini nyingine. Kwa hiyo msimkaribishe mgeni aswali ndani ya kanisa kwa wema usio na utaratibu. Mtampa padre kazi ya kujieleza, na mgeni mwenyewe mara nyingi hatakuwa na raha mbele ya altare na sanamu.

Tafuteni chumba cha kawaida, darasa la chekechea lililo tupu kwa mfano. Kiwe hakina sanamu wala picha ukutani tangu mwanzo. Nasema tangu mwanzo kwa sababu kosa linalorudiwa ni kuchagua ukumbi wenye msalaba kisha kuufunika kitambaa kila Jumanne. Wiki ya tatu muumini mmoja ataingia, aone msalaba umefunikwa, na huduma yote itageuka kesi. Msalaba uachwe ulipo, swala iende chumba kingine. Mikeka minne mirefu, pazia la kutenga wanawake, birika tano za maji ya udhu mahali penye mfereji wa kupitisha maji, na mshale wa kibla, yaani upande wa Makka wa kuelekea wakati wa swala, ubandikwe darini au sakafuni.

Sala ya kufungua shughuli pia iamuliwe mapema. Msitunge sala ya mseto isiyo ya mtu yeyote. Mfano mzuri ni ule wa Assisi, Oktoba 27, 1986, ambapo Papa Yohane Paulo II aliwaalika viongozi wa dini mbalimbali: kila kundi liliomba kwa namna yake, wengine wakisikiliza kwa heshima. Kwenu itoshe dakika mbili: mmoja aombe kwa desturi yake, mwingine kwa yake, wasioomba wakae kimya. Salamu ya mshereheshaji iwe "Hamjambo, karibuni". "Bwana asifiwe" na "Asalaam aleikum" zibaki za watu wenyewe wanaposalimiana.

Mkitaka maneno ya kufungulia yanayogusa pande zote, yapo mawili. Wakristo wana "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha" katika Mathayo 25:35. Waislamu wana hijra ya kwanza, yaani kuhama kwa ajili ya imani, ile ya Uhabeshi (Ethiopia), kama mwaka 615, ambapo mfalme Mkristo, Najashi, aliwapa hifadhi wafuasi wa Mtume waliokuwa wakiteswa Makka. Alipowaita wajieleze, Jaafar bin Abi Talib alimsomea aya za Sura Maryam, na Najashi akakataa kuwarudisha. Ukilisimulia hilo mbele ya Msomali na Mwethiopia waliokaa benchi moja, huhitaji hotuba nyingine.

Mwinjilisti_Kaptembwa aliandika:

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini kuna jambo linanisumbua moyoni na sitaki kulificha. Mathayo 28 imetuagiza kwenda kwa mataifa yote. Mataifa yenyewe yamekuja Nakuru. Mtu akiniuliza kwa nini ninampa chakula, nimwambie nini kama si Yesu? Na nikinyamaza, si nimemkana?

Katekista_Kisumu alijibu:

Mwinjilisti, swali lako ni la haki na halipaswi kufunikwa. Hakuna anayekuomba uache kushuhudia. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikani na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa kwa pamoja mwongozo wa ushuhuda wa Kikristo katika ulimwengu wa dini nyingi. Unaanza kwa kusema ushuhuda ni wa lazima. Kisha unasema kutumia umaskini na shida ya mtu kumvuta, kwa fedha au zawadi, hakuna nafasi katika kazi ya Kristo. Kumbuka hao Wainjili nao walitia mkono. Kwa Wakatoliki, hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965, namba 13, inakataza kabisa kumlazimisha au kumrubuni mtu aingie katika imani.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Mtu akikuuliza kwa nini unampa chakula, mjibu kwa ukweli: "Imani yangu inanituma." Hapo hujamkana mtu. Akitaka kujua zaidi, apangiwe siku nyingine, mahali pengine, na mtu asiyeshika orodha ya chakula wala funguo za stoo. Hicho ndicho kipimo. Anayeshikilia unga asiwe ndiye anayefundisha dini, kwa maana mwenye njaa hawezi kumwambia hapana. Mezani pasiwe na vijitabu, Biblia za kugawa, wala kanda za mawaidha. Sharti hilohilo liwafunge ndugu wa daawa, wanaoalika watu kwenye Uislamu: Mkongo aliye Mkristo asiambiwe nusu ya mgao wake inamsubiri akisilimu. Qurani imeshasema, Sura Al-Baqara aya ya 256, hapana kulazimishana katika dini.

Na mtu akiamua kwa moyo wake kubadilisha dini, upande wowote, asitangazwe jukwaani wala asipigwe picha. Ndugu zake wanaweza kuwa kambini Kakuma au Dadaab, na habari husafiri kwa simu kabla hajafika nyumbani. Ukatekumeni wa watu wazima, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, haumalizwi kwa wiki chache hata hivyo, kwa hiyo haraka yoyote iwatie shaka.

Mwinjilisti_Kaptembwa aliandika:

Hilo la kutenganisha anayegawa na anayefundisha nimelielewa na nitalipeleka kwa wazee wetu. Asante, Katekista.

Karatasi_Busia aliandika:

Nawaletea upande wa makaratasi.

Orodha kwanza. Dini ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inataja imani na dhamiri waziwazi. Kwa hiyo fomu ya mlo isiwe na kisanduku cha dini. Ulizeni, "Kuna chakula usichokula?" Jibu hilo linatosha kupikia. Orodha iwe moja, ya kanisa na msikiti pamoja, yenye namba ya kadi, jina kama mtu alivyolitaja, idadi ya walio nyumbani na lugha. Orodha mbili huzaa watu wanaochukua mara mbili na wengine wanaokosa kabisa, kisha lawama huangukia dini ya upande wa pili. Msomali ana jina lake, la baba na la babu, hana jina la ukoo, msimlazimishe. Daftari lifungiwe, lisipigwe picha kwa simu ya mtu binafsi.

Kuhusu hadhi yao, msiwachanganye. Mrundi au Mkongo anaweza kuwa ameingia Busia au Malaba kwa pasi ya mgeni kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, huyo muda wake unahesabika. Anayetafuta hifadhi ni mwingine: Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka ajitokeze kwa afisa husika mara anapoingia, na isizidi siku 30. Wengi wanapitwa kwa sababu mtu aliyewapokea kwa huruma aliwaambia watulie kwanza. Kazi ya kamati ni kumpeleka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, akiwa na mkalimani, bila kumwandikia maelezo. Usimpambie kisa. Barua ya padre au imamu iseme tu inachokijua: tunamfahamu mtu huyu tangu tarehe fulani, anahudhuria hapa. Na wajue usajili haulipiwi. Anayedai hela "ya kusukuma faili" ni tapeli hata akivaa kanzu au kola.

Mkalimani: msimtumie mtoto kumfasiria mama yake, wala mwanamume wa ukoo mwingine kwenye mambo ya ndani ya mwanamke. Tafuteni wanawake wawili wanaozungumza Kisomali na Kiarabu, na mmoja wa Kirundi au Kifaransa.

Kifo. Siku itakuja, kamati haitakuwa tayari. Mwislamu akifa hospitalini, neno la kwanza kwa mochwari liwe "asidungwe dawa", ile ya kuhifadhi mwili, kwa maana wahudumu wengine huipiga mara tu mwili unapopokewa. Hospitali hutoa taarifa ya kifo, fomu D1. Aliyefia nyumbani, naibu wa chifu hutoa D2. Kwa fomu hiyo ndipo mnapata kibali cha kuzika. Kifo cha Ijumaa jioni ndicho kibaya zaidi, ofisi zimefungwa mpaka Jumatatu, hivyo muwe na namba ya simu ya naibu wa chifu na ya msajili tangu sasa. Msikiti uwe umeshaweka sanda: vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke. Upande wa kanisa uchangie gari na malipo ya mochwari, uoshaji na swala ni vya Waislamu wenyewe. Mkongo Mkristo akifa, kumbukeni watu wake watataka mkesha na siku kadhaa, msimharakishe kwa kuwa mmezoea mwendo wa jirani.

Nigusie na wanaoondoka, kwa kuwa hao pia ni wahamiaji. Huku magharibi vijana wengi Wakristo wanakwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia. Msikiti unaweza kufanya darasa la saa mbili ambalo kanisa halina uwezo nalo: maneno 50 ya Kiarabu cha jikoni, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani, na ukweli kwamba Saudia haina makanisa na ibada ya wazi ya dini nyingine hairuhusiwi, wakati Falme za Kiarabu, Kuwait, Qatar na Bahrain yapo makanisa. Ongezeni nakala mbili za pasipoti na mkataba, moja ibaki kwa mama, moja kwa parokia.

KatibuHuduma_Nkr aliandika:

Nimeandika kila kitu. Swali moja la mwisho kwa Ustadh. Vijana wanataka tuandae futari ya pamoja, na nimeona mwaka 2027 Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, ni Februari 10, karibu sawa na mwanzo wa Ramadhani. Msikiti unapenda Ijumaa. Lakini Wakatoliki Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama. Tufanyeje? Na kibla kutoka hapa ni wapi hasa?

Ustadh_Bondeni alijibu:

Kibla kutoka Nakuru ni karibu kaskazini kabisa, nyuzi kama 9 tu kuelekea mashariki. Kisumu ni kama 13. Wapo wanaodhani ni mashariki, ndiyo maana mshale ubandikwe mapema.

Ramadhani ya 2027 inatarajiwa Februari 8 au 9 kwa kutegemea mwezi, kwa hiyo Ijumaa za Kwaresima zitakazoangukia ndani yake ni nne. Pikeni samaki. Samaki ni halali bila kuchinjwa, na Mkatoliki anamla Ijumaa. Waethiopia nao watakuwa na sufuria yao ya kamande. Agizeni ngege kutoka Kisumu, wa gramu 350 hivi kila mmoja, kama kilo 21 kwa watu 60, waje kwenye barafu asubuhi ileile. Mafuta ya kukaangia yawe mapya.

Saa ya kufuturu msiichukue kwenye redio ya Nairobi. Jua huzama Nakuru kama dakika tatu baada ya Nairobi, na Kisumu kama dakika nane. Aliyefungua kwa adhana ya Nairobi akiwa Kisumu, saumu yake ya siku hiyo imeharibika na atailipa. Fuateni muadhini wa mtaa wenu.

Mpango wa jioni: tende 180, yaani tatu kwa kila mtu, kama kilo moja na nusu, na chupa ya maji, viwe mezani robo saa kabla. Adhana, tende, maji, kisha swala ya Magharibi, kama dakika kumi. Wakristo wasubiri mezani, wasianze wali. Halafu mlo. Hotuba zote ziwe baada ya chakula, mbili tu, dakika tano kila moja, kwa sababu Isha inaingia kama saa moja na dakika kumi baada ya Magharibi na watu wana tarawehe. Mgeni rasmi akichelewa asisubiriwe. Mwambieni hivyo kwenye barua ya mwaliko yenyewe.